Sista wa Kabati na Ile Albamu ya Makelele

Sista hakuwahi kukubali kwamba anaipenda ile albamu. Kwa miaka yote niliyopanga kwake Kabati, neno alilotumia lilikuwa kuvumilia. Aliivumilia akiosha vyombo, aliivumilia akichambua pojo, na Jumapili nikisahau kuiweka alikuwa anapita mbele ya mlango wangu, anasimama kidogo, kisha anauliza kama stima imepotea upande wangu peke yake.

Tulimwita Sista kwa sababu alikuwa muuguzi, na kwetu muuguzi wa kike ni sista hata akistaafu, hata ukimkuta sokoni akibonyezabonyeza parachichi. Alifanya kazi wadini, hospitali huko Kitui, mpaka umri ukamtoa, akarudi Kabati kwenye ploti waliyoijenga yeye na mume wake: vyumba vya kupangisha kwenye mstari mmoja, nyumba yake mbele, tangi la maji kwenye kona, na kamba za nguo ambazo kila mpangaji alijua yake ni ipi. Mume alikuwa amekufa kabla mimi sijafika. Jina la Sista nalijua. Siliandiki kwa sababu sikuwahi kulitamka mbele yake, na nikianza leo nitahisi kama nimeingia kwake bila kubisha.

Mimi wakati huo nilikuwa nauza mbegu na dawa za mifugo kwenye agrovet pale sokoni. Mchana niliwaeleza wazee namna ya kumnywesha mbuzi dawa ya minyoo. Lakini moyoni, naomba uamini, nilikuwa mtu hatari. Nilikuwa shabiki wa thrash metal, ule muziki wa magitaa ya mbio na ukelele. Nilivaa tishati nyeusi kwenye jua la Kitui, jambo ambalo hata mbuzi mweusi angelikwepa kama angepewa nafasi ya kuchagua. Nywele sikuwa nazo, kwa sababu mwenye agrovet hakutaka kichwa cha kutisha wateja, kwa hiyo nilipotikisa kichwa kufuata gitaa hakuna kilichopepea. Kilitikisika kichwa tu, kama cha mtu anayekubali kila anachoambiwa.

Tulikuwa mashabiki watatu, na sidhani Kabati ilikuwa na wa nne. Mutua aliendesha boda boda. Kioko alifundisha shule ya msingi. Albamu yenyewe ilitufikia kwa flash, bila picha ya jalada, bila maelezo, nyimbo tu zilizofuatana kama watu wanaokimbizwa. Ilikuwa ya bendi moja ya mbali iliyochukua punk na thrash metal ikavitia kwenye gunia moja na kulitingisha. Nyimbo zilikuwa fupi. Gitaa lilikata kama msumeno, ngoma zilikwenda mbio bila kuomba ruhusa, na mwimbaji alikuwa analalamika kuhusu jambo fulani kubwa sana. Ni jambo gani, hatukuwahi kujua. Tulijua tu kwamba tulikuwa upande wake.

Siku ya kwanza kuiweka kwenye spika yangu mpya, Sista alibisha mlango. Nilifungua nikiwa tayari kwa vita, maana kila shabiki wa muziki wa aina hiyo anangoja siku moja afukuzwe nyumba kwa ajili yake. Nilikuwa nimeshaandaa hotuba.

"Ni nani anaumia?" aliuliza.

"Hakuna mtu anaumia, Sista."

"Huyo anayelia."

"Anaimba."

Aliinamisha kichwa upande mmoja, vile wauguzi wanavyosikiliza kifua cha mtoto. Alisikiliza wimbo mzima, jambo ambalo halikumchukua muda mrefu.

"Hiyo koo haitamfikisha mbali," alisema. "Amekasirikia nani?"

Hapo ndipo nilitoa hotuba. Nilimwambia huu ni muziki wa ukweli, wa watu wa chini, wa kupinga vita na serikali na mfumo.

"Mfumo gani?"

Nilifikiri sana. "Ule wa kwao," nilisema.

Hakunifukuza. Alitoa amri kwamba makelele hayo yatasikika Jumapili pekee, kuanzia akitoka kanisani mpaka akianza kupika, na siku nyingine zote spika ilale. Amri hiyo iliniumiza kuliko kufukuzwa. Nilikuwa nataka kuonewa, na badala yake nimepangiwa ratiba.

Lazima niseme habari za sauti yake, kwa sababu bila hiyo hutamwelewa. Sista aliongea chini sana. Alisema ni wadi iliyomfundisha, kwamba mgonjwa akisikia sista anapaza sauti anajua hali yake ni mbaya. Kwa hiyo kadiri jambo lilivyokuwa kubwa, ndivyo sauti yake ilivyoshuka. Sisi wapangaji tulijifunza kuogopa kunong'onezwa. Kulikuwa na jamaa wa chumba cha mwisho aliyekuwa na tabia ya kumwaga maji machafu karibu na bomba. Sista alimwendea akamwambia kitu. Jamaa akasema, "Sikusikia, mama." Akaambiwa tena, chini zaidi. Akainama na sikio. Sijui aliambiwa nini, lakini alifagia ploti yote, pamoja na sehemu ya jirani.

Na mtu huyo huyo, Jumapili kanisani, ndiye aliyeshika soprano. Mimi sikuwa mtu wa kanisa wakati huo, lakini ukuta wa chumba changu ulikuwa mwembamba na Sista alifanya mazoezi akipiga pasi. Sauti ilipanda juu, nyembamba na safi, ikakaa huko bila kutetemeka mpaka wewe uliyekuwa unasikiliza ukajikuta umezuia pumzi.

Jumapili alasiri tulikaa nje ya mlango wangu, mimi na Mutua na Kioko, kwenye ndoo zilizopinduliwa, tukiwa tumevaa nyeusi wote watatu. Mpangaji mpya aliwahi kutuuliza kwa upole tumefiwa na nani. Sista alituletea chai, na alipoleta chai alitoa maoni, na maoni yake yalikuwa na tabia ya kutuharibia.

Tishati yangu bora ilikuwa na fuvu la kichwa kifuani. Aliliangalia siku moja huku akinimiminia chai. "Hiyo fuvu imechorwa vibaya," alisema. "Taya haikai hivyo. Huyu hangeweza kutafuna." Tangu siku hiyo sikuweza kuivaa bila kumwonea huruma yule marehemu.

Mpiga ngoma alimkubali. Alisema ana mapigo mazuri, hayarukiruki, na kwamba mtu wa namna hiyo angekuwa msaada mkubwa theatre, kwenye upasuaji. Ufupi wa nyimbo pia aliukubali, na kila ulipoisha mmoja alitazama upande wa kanisa lake kama anayetamani mhubiri fulani huko angesikia. Kulikuwa na wimbo mmoja wa polepole katikati, unaoanza na gitaa tulivu, ambao Kioko aliuona kuwa kilele cha albamu na karibu atokwe na machozi kila ulipofika. Sista aliuita "pale wanapopoteza wakati." Ukianza alikwenda jikoni. Ukiisha alirudi. Hakuhitaji kuambiwa umeisha, na hapo ndipo nilianza kushuku huko kuvumilia kwake.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa kama albamu hiyo ni ya punk au ni ya thrash. Mutua alisema ni punk, kwa sababu watu hawa hawakujali. Kioko alisema ni thrash, kwa sababu mtu asiyejali hawezi kupiga gitaa namna hiyo. Mimi nilikuwa katikati, yaani niliogopa wote wawili. Waliwahi kukosana kabisa, Kioko akawa anakwenda shuleni kwa miguu ili asipande boda boda ya Mutua. Sista alichoka kuona chai yake ikinywewa kwa kununiana.

"Muthokoi," aliwauliza, "ni mahindi au ni maharagwe?"

Walitazamana, maana kila mtu Kabati anajua muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe.

"Ni muthokoi," Kioko alisema.

Sista alichukua vikombe akaenda zake. Natamani kukuambia kwamba walipatana. Wakaanza kubishana kwamba muthokoi, ukiangalia vizuri, ni mahindi.

Alituombea pia. Alituambia waziwazi. Kila Jumapili aliomba kwa majina yetu kamili Mungu atupe wake na nyimbo bora. Kisha alirudi nyumbani, akabadilisha viatu, akauliza kama stima imepotea. Nilipomwonyesha kwamba mambo haya mawili hayapatani, alinitazama kama mgonjwa anayeuliza kwa nini dawa ni chungu.

Sasa nieleze siku ya mashemeji.

Ilikuwa Jumapili kama nyingine. Tumekaa kwenye ndoo zetu, spika bado haijawashwa, tukaona ndugu wawili wa marehemu mume wake wanaingia getini. Mkubwa alikuwa mzee mnene mwenye kofia na bakora asiyoihitaji. Mdogo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Kabati, tulimjua kwa sura, mtu mkimya mwenye mikono iliyojaa alama za cheche. Sista aliwakaribisha sebuleni. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, na sisi tulikuwa na adabu ya kutoangalia lakini hatukuwa na ile ya kutosikiliza.

"Mwaitu," mkubwa alianza, akimwita mama kwa Kikamba, kwa heshima zote, "hatujaja kukunyang'anya. Tumekuja kukusaidia. Ploti ni mzigo. Mwanamke peke yake na wapangaji, hata hawa wengine hatujui ni watu wa aina gani."

Tulijitazama na nguo zetu nyeusi.

"Wewe pumzika," aliendelea. "Tutakushikia hati. Mambo ya ploti tutaangalia sisi."

Sista alijibu kitu. Hatukusikia, na ni wazi shemeji pia hakusikia, maana alisema, "Nini? Sema kwa sauti." Sista akasema tena. Yule mzee akacheka, akamgeukia mdogo wake. "Unaona? Hata sauti hana. Na huyu ndiye atadai kodi kwa watu."

Kisha Sista akatokea mlangoni.

"Weka hiyo yenu," aliniambia.

"Sista, una wageni."

"Weka."

Ningependa kusema kwamba niliinuka kama askari. Maisha yangu yote nilikuwa nimesema muziki huu ni wa kuwapinga wakubwa, na sasa mkubwa alikuwa pale sebuleni na kofia yake. Niliiweka kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayetaka kuwapinga wakubwa bila kuwasumbua. Sista aliingia chumbani kwangu, mara ya kwanza na ya mwisho, akaangalia ile spika, akashika kitufe cha sauti akakizungusha mpaka kikagoma.

Kisha akarudi sebuleni, akakaa kwenye kiti chake, akaendelea kuongea kwa sauti ile ile ya wadini.

Tuliona midomo yake ikisogea. Mzee aliinama mbele. Aliweka mkono nyuma ya sikio. Alipiga kelele kwamba tuzime, na sisi, nakiri, hatukusikia, au kama tulisikia tulichelewa kuelewa. Alisimama, akamsogelea, akainama hadi kofia yake ikawa karibu na bega la Sista, na Sista aliendelea kumweleza, polepole, mikono imetulia mapajani. Wimbo wa kwanza uliisha, wa pili ukaingia kabla hajapata nafasi ya kusema neno. Alikuwa amekuja kusikilizwa, na sasa alikuwa amekunjika mbele ya kiti cha mwanamke akiomba kusikia. Ulipofika ule wimbo wa polepole mimi nilifikiri tumeshindwa, lakini mzee alikuwa ameshachukua bakora. Alitoka getini bila kuaga.

Baadaye nilimuuliza Sista alikuwa anamwambia nini muda wote ule.

"Nilimwambia hapana," alisema. "Mwanzo nilimweleza na sababu. Halafu sababu zikaisha nikabaki na hapana."

Wiki iliyofuata yule shemeji mdogo alirudi peke yake. Nilipomwona getini nilisukuma spika chini ya kitanda, nikakaa juu ya kitanda, nikafungua kitabu cha mbegu za kunde. Alisimama mlangoni akikuna mikono.

"Ile ya juzi," alisema. "Ile ya mbio. Unaweza nitilia kwa flash?"

Hivyo ndivyo tulivyopata mwanachama wa nne. Alikuwa anaipiga kwenye banda lake la kuchomelea, na alisema ndiyo muziki wa kwanza aliousikia mpaka mwisho akiwa na grinda ya kukatia vyuma mkononi.

Lakini mzee wa bakora hakwenda kulala. Alikwenda kwa chifu, na chifu akauliza hati ina jina la nani, akaambiwa ni la Sista, na hapo maneno yakaisha. Kisha akaenda kanisani kwa Sista. Huko maneno hayakuisha haraka. Ilisemekana mama wa kwaya anafuga vijana wa shetani kwenye ploti na kuwawekea wazee muziki wa kuzimu. Mchungaji na wazee wa kanisa walimwita. Walimwambia atakaa nje ya kwaya mpaka atubu.

"Nitubu nini?" aliwauliza.

Walisema anajua mwenyewe. Aliwajibu hajui, na kwamba hawezi kutubu kwa kubahatisha.

Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani kama kawaida na kukaa benchi la mwisho. Aliendelea hivyo Jumapili baada ya Jumapili. Hakuimba hata zile nyimbo za watu wote. Alisema wamemtoa, basi ametoka mzima.

Sisi tuliona lazima tufanye kitu. Ni fikra mbaya kuliko zote tulizowahi kuwa nazo, na niliitoa mimi. Tulikwenda kumwona mchungaji, wote watatu, kumweleza ukweli wa albamu ile. Tulivaa vizuri. Mutua aliazima koti, lakini ndani alivaa tishati kwa sababu shati lake lilikuwa na mafuta ya pikipiki. Ofisi ya mchungaji ilikuwa ya mabati, na saa sita ilikuwa haijafika lakini joto lilikuwa limeshafika. Mutua alivumilia kadiri ya uwezo wake, kisha akafungua koti. Ndani kulikuwa na fuvu. Ni tishati yangu, nilikuwa nimempa baada ya ile habari ya taya.

Kioko, akiwa mwalimu, aliona anaweza kuokoa hali. Alieleza kwamba nyimbo hizi zinapinga vita, ulafi na uonevu, mambo ambayo hata manabii walipinga.

"Vizuri," mchungaji alisema. "Nisomee maneno ya mmoja."

Kioko alitoa simu akatafuta. Alianza kusoma kwa sauti ya darasani. Mstari wa pili ulikuwa na neno ambalo halisomwi kwenye ofisi ya mchungaji. Aliliruka. Wa tatu ulikuwa nalo tena, pamoja na ndugu yake. Niliyaona macho yake yakishuka kwenye simu, mstari kwa mstari, akitafuta mahali pa kutua.

"Mtandao umepotea," alisema.

Tuliporudi, Sista alikuwa ameshajua. Kabati ni ndogo. "Mlienda kuniombea msamaha?" aliniuliza, chini kabisa.

"Tulienda kueleza, Sista."

"Nani aliwatuma?"

Mpaka siku hiyo niliona mambo yote haya kama sehemu ya vituko vya chama chetu, kitu cha kusimulia. Kisha Jumamosi moja alikuwa anaanika shuka, na mimi nilikuwa ndani, nikasikia anaanza kuimba. Noti ya kwanza ilipanda vizuri. Ya pili ilianza, ikakatika. Nilichungulia nikamwona amesimama na shuka mkononi akitazama getini, kama mtu aliyekutwa. Kisha akaendelea kuanika kimya. Niliacha kuweka albamu kwa muda. Hakuuliza habari za stima.

Waliomrudisha ni wanawake wa kwaya. Kulikuwa na mashindano ya kwaya mjini Kitui, na soprano zilizobaki zilikuwa zinatafutana hewani bila kukutana. Wanawake wale walikuja wote kwake, wakajaa sebuleni mpaka wengine wakakaa kwenye ndoo zetu. Halafu wakaenda kwa mchungaji wakamwambia kwamba bila yeye hawapandi gari. Mchungaji alifikiri, na sina hakika alifikiri nini, lakini suala la toba halikutajwa tena. Nilimuuliza Sista imekuwaje. "Wamenirudisha," alisema, na akaenda kupiga pasi sare yake.

Jumapili hiyo tulikwenda kanisani, mashabiki watatu na shemeji mdogo, tumevaa mashati ya rangi, tukakaa nyuma. Nilikuwa nimesikia sauti ile kupitia ukutani kwa miaka. Sikuwa nimewahi kukaa mbele yake. Mimi niliyejiita mtu wa muziki nilikuwa nimepanga mita chache kutoka kwa mwimbaji bora niliyewahi kumsikia, na kila Jumapili alipokuwa anaimba mimi nilikuwa kitandani nikingoja arudi ili nipate ruhusa ya kuwasha spika. Kioko alilia. Mutua alisema Kioko hulia hata kwa vitu vya polepole, lakini yeye mwenyewe alikuwa anatazama dari.

Baadaye nilipata kazi kituo cha utafiti wa kilimo Kiboko, nikahamia Makueni. Nikisema utafiti watu wanafikiria hadubini. Kwa kweli sehemu kubwa ya kazi yangu ni kupiga picha mashuke ya mtama na kuwafukuza ndege. Nilioa, labda kwa maombi ya Sista. Tishati nyeusi ziliisha moja moja, ya mwisho mke wangu aliifanya kitambaa cha kupangusia jiko, na nilipoiona nilijaribu kukasirika nikashindwa.

Mwaka jana shemeji mdogo alinipigia simu. Alisema Sista alikuwa na uvimbe shingoni, amepasuliwa, amerudi nyumbani, lakini niende. Nilipanda gari mpaka Kibwezi, nikashika ile barabara ya Kitui, na mchana nikawa Kabati.

Alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa amepungua, na amefunga kitambaa shingoni.

"Usiniangalie hivyo," alisema. "Nimetoka salama."

Nilikuwa namwangalia kwa sababu ya sauti. Ilikuwa imekwaruzika yote, nzito, kama mtu anayeburuta bati kwenye changarawe. Tulikaa, tukanywa chai, na akanieleza kama anayesoma faili la mgonjwa mwingine. Mshipa wa sauti uliguswa. Inaweza kurudi, inaweza isirudi. Kwa umri wake, asingojee sana. Kwaya alikuwa ameshawaambia mwenyewe kwamba amemaliza. Walilia, akawapa maji.

"Na wewe?" nilimuuliza.

"Mimi nini?"

"Ulilia?"

Alizungusha kikombe kwenye sahani yake. "Mara moja," alisema. "Haikutoa sauti, kwa hiyo haikusaidia."

Nje, mpangaji fulani alikuwa anafua. Sista alinitazama muda.

"Umekuja nayo?" aliuliza.

Nilijua anauliza ile albamu. Nilitoa simu, kana kwamba kuitoa kungesaidia. "Sista, sinayo tena. Simu ilijaa. Niliifuta."

"Umefuta."

"Nilitaka nafasi ya picha za kazi."

"Za mtama."

"Za mtama."

Aliinuka akachukua leso yake. "Twende kwa shemeji," alisema.

Banda la kuchomelea liko nyuma ya soko. Tulikwenda polepole, akisalimiwa kila hatua, akijibu kwa kuinua mkono. Shemeji mdogo alikuwa na mvi sasa. Alikuwa anamalizia geti la mtu, na mwenye geti alikuwa amekaa kwenye kipande cha chuma akingoja. Sista alimwambia shemeji yake neno moja, naye akaweka grinda chini, akapangusa mikono, akawasha spika iliyojaa vumbi la chuma.

Nilikuwa sijaisikia kwa miaka. Ilikuja yote kwa pamoja, gitaa na ngoma na yule mtu mwenye malalamiko yake. Sista alisimama akishika ukingo wa meza ya kazi. Wimbo wa kwanza alisikiliza tu. Wa pili alifunga macho. Kwenye kiitikio cha wa tatu, pale bendi nzima inapopiga ukelele pamoja, alifungua kinywa.

Sikuwa nimewahi kumsikia akipaza sauti. Ilitoka imekwaruzika, imepasuka, kubwa kuliko mwili wake, na iliingia ndani ya ule wimbo kama iliyokuwa imewekewa nafasi. Shemeji mdogo aliinamisha kichwa na kuanza kukitikisa. Mwenye geti aliinuka.

"Huyu mama ameumia?" aliuliza.

"Hapana," shemeji alisema. "Ngoja geti lako."

Wimbo ulipoisha Sista alikohoa, akashika kitambaa chake cha shingoni. Mimi nilisogea. "Sista, daktari hakusema upumzishe koo?"

"Alisema nisiimbe," alijibu. "Hii si kuimba."

Ngoma za wimbo uliofuata zikaanza. Alinyoosha mgongo, akangoja, akaingia mahali pake. Mimi nilifungua kinywa pia, nikachelewa.